Wanafunzi wa uuguzi, utabibu, maabara na famasi wodi moja: nawafundishaje kusemeshana?

Mkufunzi wa Makorora

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naandika kutoka Tanga mjini. Ni muuguzi mkunga, nimefanya kazi wodini miaka 11, na huu ni mwaka wa 6 nafundisha. Naomba mnisaidie, kuna jambo nimelibeba moyoni wiki nzima.

Hospitali ninayosimamia wanafunzi ina watoto wa fildi wa kozi nne kwa mpigo. Wapo 46: wauguzi 19, matabibu 14, maabara 8, famasi 5. Mkuu wangu kaniita ofisini akaniambia, "Kila Jumatano saa nane mchana mpaka saa kumi, wiki sita, wachukue wote uwafundishe kufanya kazi pamoja." Nikaipokea kwa mikono miwili. Hili jambo nimelitamani tangu nikiwa mwanafunzi, na sababu yake nitaisema.

Jumatano ya kwanza nikaingia ukumbini na slaidi zangu. Nikawaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka 2010, linasema elimu hii ni pale wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanapojifunza juu ya wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao. Nikaandika ubaoni. Wakanakili. Sasa angalieni walivyokaa: matabibu mistari ya mbele na makoti yao meupe, wauguzi katikati, maabara upande wa dirishani, famasi mlangoni. Nikiuliza swali anajibu tabibu. Nikiuliza jingine, anajibu tabibu mwingine. Saa kumi wakatoka makundi yaleyale manne, hakuna aliyepunga mkono kwa wa kundi lingine.

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, nipo kwenye korido ya maabara. Binti wa uuguzi kaleta damu ya mtoto wa miaka mitatu mwenye homa, imeandikiwa picha kamili ya damu. Kile kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Kijana wa maabara, naye mwanafunzi, akakiinamisha kwenye mwanga, akaona bonge, akaandika kwenye fomu "sampuli mbovu", akakisukuma kurudi dirishani. Hakumtazama usoni. Binti akasimama pale ameshika kichupa. Akauliza, "Mbovu kwa nini?" Kijana akasema, "Imeganda, kwani huoni?" akaita namba inayofuata.

Nilimfuata binti wodini. Ilikuwa mara ya pili sampuli kurudi. Mama wa mtoto alipoona sindano tena alimkumbatia mwanawe akageukia ukutani. Mtoto alichomwa mara ya tatu, na damu ikachukuliwa vilevile, kichupa kikasimamishwa kwenye sinia bila kugeuzwa, mpaka nilipomshika mkono nikamwonyesha: geuza taratibu, kichwa chini kichwa juu, mara nane mpaka kumi, dawa iliyomo ichanganyike na damu. Yule kijana wa maabara analijua hilo kama jina lake. Angelisema kwa sekunde tano. Jana yake wote wawili walikuwa ukumbini kwangu wanaandika "pamoja na wenzao".

Sasa sababu yangu. Nilipokuwa mwaka wa pili, fildi, hospitali nyingine ambayo sitaitaja, zamu ya usiku, niliachiwa nimwangalie mama wa miaka 19, uzazi wake wa kwanza. Kajifungua salama saa saba usiku. Saa nane kasoro nikainua kanga. Ilikuwa imelowa yote, damu imeteremka kwenye mpira wa kitanda na kutuama pale godoro lilipobonyea, ina mabonge kama maini. Tabibu wa zamu alikuwa mezani anaandika, mtu wa rika la baba yangu. Nikamwamkia. Nikangoja aitikie. Nikasema, "Samahani daktari, yule mama wa kitanda cha nne anatoka damu kidogo."

Kidogo. Nilijua si kidogo. Nilisema kidogo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa kusema na mkubwa: naomba maji kidogo, nina shida kidogo, mama anaumwa kidogo. Yeye akajibu "nakuja" akaendelea kuandika, na kwa neno nililompa hakuwa na sababu ya kukimbia. Alipokuja, mama alikuwa ameshabadilika rangi ya midomo. Alipona, lakini kizazi kilitolewa usiku uleule. Miaka 19, mtoto mmoja, basi.

Hakuna aliyenigombeza. Ndiyo maana nimebaki nalo.

Vitabu vinatoa njia ya kuripoti hali ya mgonjwa inayoitwa SBAR, herufi nne za Kiingereza za hali, historia, tathmini na pendekezo, ilianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani ikaingia hospitalini. Nimewafundisha. Wanaijua kwa herufi na watafaulu mtihani. Ila wodini wanaongea Kiswahili, na kwa Kiswahili wanarudi palepale kwenye samahani na kidogo.

Ninachouliza: zoezi gani limekufanyia kazi wewe, ambalo mwanafunzi hawezi kulimaliza bila mwenzake wa kozi nyingine? Na la pili, ambalo kwangu ndilo zito: mtoto wa miaka 20 amwambie vipi mkubwa wake "simama" kwa Kiswahili, bila kuonekana hakufunzwa adabu kwao? Nimebakiwa na Jumatano tano.

Mkunga Mstaafu, Pangani

Marahaba mwanangu. Pole, na asante kwa kulisema la kitanda cha nne. Wengi tunayo yetu, tumeyafungia.

Acha slaidi. Fanya zoezi la damu. Unahitaji kitanda, ndoo ya maji iliyotiwa rangi nyekundu ya juisi, kanga kuukuu tano au sita, kikombe cha kupimia, mizani. Pima kanga zikiwa kavu, andika uzito. Mmoja alale awe mama. Mwingine ajifiche miguuni na kikombe, amwage kidogo kidogo bila kusema, akihesabu mililita anazomwaga. Wengine waingie zamu.

Kabla hujawaambia lolote waulize: damu hii ni kiasi gani? Kila mtu aandike kwenye karatasi yake bila kuchungulia. Halafu pimeni kanga zilizolowa, toeni uzito wa kavu, gramu moja hesabu mililita moja. Utaona wote wameandika pungufu. Macho hupunja damu, ya muuguzi na ya daktari sawasawa. Hapo ndipo wanapoanza kutazamana, maana wa mbele na wa mlangoni wamekosea pamoja.

Kisha waambie mililita 500 kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida ni kengele. Ikilia, hakuna kazi ya mtu mmoja. Mmoja anasugua mfuko wa uzazi, mmoja oksitosini ya kukaza mfuko huo, mmoja dripu na traneksamiki asidi, dawa ya kuzuia damu, gramu moja ndani ya saa tatu tangu kujifungua, mmoja anakagua imechanika wapi na kibofu kimejaa au la, mmoja anakimbia maabara na damu ya kupima kundi. Zamani tulifanya moja, tukingoja, ndipo tufanye la pili, na mama anaisha mkononi. Ule utafiti wa E-MOTIVE uliotolewa mwaka 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, ulijaribu hilohilo: damu ipimwe kwa mfuko wenye alama badala ya kukadiriwa kwa macho, na hatua zote zifanywe kwa mkupuo. Kutokwa damu kupita kiasi na madhara yake makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Dawa ni zilezile tulizokuwa nazo. Kilichoongezeka ni kipimo na watu kufanya kwa pamoja.

Kuhusu neno. Mwanangu, mimi wodini kwangu neno "kidogo" nililipiga marufuku. Damu kidogo, homa kidogo, amechoka kidogo, yote hapana. Niambie kanga ngapi, mililita ngapi, presha ngapi. Namba haina utovu wa adabu. Mtoto anaweza kumwambia mzee namba yoyote na mzee asikasirike.

Na hizo herufi za Kiingereza mimi niliwapa wangu hivi: Nani. Nini. Nahofia nini. Naomba nini. Basi. "Daktari, mama wa kitanda cha nne. Kajifungua saa saba, kanga mbili zimelowa, presha 80 kwa 50. Nahofia anatuishia. Naomba uje sasa hivi." Shikamoo ipo, itatolewa mama akishatulia, na itaitikiwa vizuri zaidi.

Jambo moja usilisahau. Mfundishe na yule anayeambiwa. Asijibu "nakuja". Arudie alichosikia: "Kitanda cha nne, kanga mbili, 80 kwa 50, nanyanyuka." Hapo binti anajua neno limefika.

Darubini ya Muheza

Mkufunzi, mimi ni wa maabara. Nimemsoma yule kijana wa dirishani nikaona aibu, kwa sababu nimewahi kusema "kwani huoni" na mimi.

Ninachokijua ni kwamba dirisha lenyewe ndilo tatizo. Sisi tunaona kichupa, hatuoni mtoto. Fomu nyingi zinakuja bila umri, bila wodi, bila mstari mmoja wa "tunatafuta nini". Ukiniandikia "homa siku 5, amepauka, macho manjano", nitakitazama kioo cha damu yake kwenye darubini, slaidi tunavyoiita, kwa jicho jingine kabisa.

Zoezi langu: sampuli isiachwe dirishani. Mwanafunzi wa uuguzi na wa utabibu wafuatane na kichupa ndani mpaka jibu litoke. Waione damu iliyoganda inavyoziba mashine, wahesabu wenyewe dakika za kupaka rangi slaidi ya malaria. Na wa maabara aende wodini asubuhi ashike mguu wa mtoto wakati anachomwa. Nusu siku kila mmoja. Hilo halihitaji ukumbi.

Tabibu wa Korogwe Vijijini

Nitasema tofauti kidogo, dada yangu, usinichukie.

Nipo kituo cha afya, usiku mara nyingi niko mimi, muuguzi mmoja na mlinzi. Sipingi kufundishwa pamoja. Wasiwasi wangu ni mafunzo ya namna hii yanapogeuka kuwa kikao cha kijiji, kila mtu ana maoni, na mgonjwa anangoja kura zihesabiwe. Mtu mmoja lazima aamue, na saini kwenye faili ni yake. Kwa hiyo wafundishe pia hili: kusema ni haki ya kila mmoja, kuamua kuna mwenyewe, na mwenyewe ajulikane kabla ya dharura kuanza. Mwanafunzi akisema lake lisipofuatwa, asiondoke amenuna, na aliyeamua aseme sababu.

La pili ni la upande wetu. Tabibu mwanafunzi anafundishwa kuogopa. Ukisema "sijui" mbele ya mwalimu kwenye raundi unaulizwa umekuja kufanya nini hapa, na wauguzi wanasikia. Kwa hiyo anajifunza kukaa mbele na kujibu kila swali, kama ulivyowaona ukumbini. Yale makoti meupe yana kijana mwenye hofu ndani yake. Usiku wangu wa kwanza kazini nililetewa mtoto wa degedege, nikasahau kipimo cha dawa. Kikanitoka kichwani kabisa. Muuguzi, mama mtu mzima, akanisogezea kadi ya vipimo juu ya meza bila kusema neno, akaiweka upande wangu, akaendelea kumshika mtoto. Sijawahi kumlipa kwa hilo. Lakini nawaza, kama ningekuwa nimefundishwa kusema kwa sauti "nimesahau kipimo, nani anakijua", asingehitaji kubahatisha kwamba nimekwama.

Kwenye zoezi la bibi wa Pangani ongeza hapo. Tabibu ashindwe makusudi, na alazimike kuomba.

Mkufunzi wa Makorora

Bibi, marufuku ya "kidogo" nimeichukua leo hii. Darubini, nusu siku naiomba kesho kwa mkuu wa maabara. Kaka wa Korogwe, siwezi kukuchukia, umeniambia kitu ambacho sikuwahi kukifikiria juu ya tabibu wangu wa usiku ule. Miaka yote nimemwona ameketi anaandika. Sikujiuliza alikuwa na nini.

Wa Dawa za Usingizi

Fupi tu, niko kazini. Chumba cha upasuaji tuna orodha ya usalama ya WHO. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo anasema jina lake na kazi yake. Ilipojaribiwa, hospitali zilikuwa 8 dunia nzima na moja ilikuwa hapa kwetu, Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, madhara kutoka 11 hadi 7.

Watu wanaona kutaja majina ni kupoteza muda. Nimeona kwa macho yangu: aliyeshatoa sauti mara moja chumbani, hata kwa kusema jina lake tu, anaweza kuitoa mara ya pili akiona pamba imesahaulika. Asiyeitoa kabisa anabaki bubu mpaka mwisho. Anza kila Jumatano yako na majina. Wote 46, hata ikichukua dakika kumi.

Mtoto wa Mgonjwa, Chumbageni

Mimi si mtu wa afya, naendesha bajaji. Nimepita humu kwa sababu nilimuuguza mama yangu wodini siku tisa.

Asubuhi moja walikuja wanafunzi. Wakamuuliza mama umeanza kuumwa lini, kifua kinabana wapi, unakunywa dawa gani nyumbani. Akajibu yote. Baada ya nusu saa wakaja wengine, nguo tofauti, maswali yaleyale. Akajibu. Wakaja wa tatu. Alipokuja wa nne peke yake na daftari, mama akamwambia, "Mwanangu, muulizane kwanza nyinyi kwa nyinyi, mimi nimechoka." Yule kijana akaomba radhi akaondoka.

Kwa kuwa aliondoka, hakumuuliza kuhusu dawa. Mama alikuwa anameza na ya miti shamba ya presha, kaifunga kwenye kitambaa chini ya mto. Wale watatu wa kwanza aliwaficha kwa sababu waliuliza wamesimama, wako kundi. Huyu wa nne alikuwa ameshavuta kiti. Ni hayo tu, pengine yatakusaidia.

Famasi Mwaka wa Tatu

Mkufunzi shikamoo. Mimi ni mmoja wa wale wa mlangoni, si kwenye ukumbi wako, wa kwetu, lakini mlango ni uleule.

Sisi famasi tunaitwa dawa ikiisha. Hatuitwi kabla haijaandikwa. Nimekaa fildi wiki nane, nimesimama kwenye raundi mara moja, na ile mara moja nilimwona mgonjwa ana dawa mbili za jina tofauti ambazo ni dawa ileile, moja kaja nayo kutoka nyumbani. Sikusema. Nilingoja raundi iishe nikamwambia muuguzi wa zamu, naye akasema mwambie daktari, na daktari alikuwa ameshaenda. Nilirudi jioni kumfuatilia. Ilisimamishwa siku ya pili.

Kaka wa bajaji, huyo wa nne aliyevuta kiti, natamani awe alikuwa wa famasi. Mkufunzi, tuwekee kazi ambayo ni yetu tangu mwanzo. Dawa zote alizokuja nazo mgonjwa, za hospitali na za miti, zimwagwe juu ya meza, sisi ndio tuzipange na kuzisoma mbele ya wenzetu.

Mkufunzi wa Makorora

Nimerudi, wiki tano zimepita. Nilitaka nimalize kwanza ndipo niandike.

Nilisoma mahali kwamba huko Linköping, Sweden, mwaka 1996 waliwapa wanafunzi wa fani mbalimbali wodi ya mifupa waiendeshe wenyewe kwa wiki mbili, wakubwa wakisimama nyuma yao. Sisi wodi nzima hatuwezi kuwapa. Nikaomba vitanda viwili, na matroni akanipa cha 7 na cha 8. Kila asubuhi timu ya wanne, mmoja kila kozi. Famasi ni watano tu, kwa hiyo wamezunguka kuliko wengine wote na hawajalalamika hata siku moja.

Sheria ni moja: mgonjwa anaulizwa mara moja, wakiwa wameketi, wote wanne, na anayeuliza anabadilika kila siku. Dawa zinamwagwa mezani, famasi anaanza. Siku ya tatu mzee mmoja wa Duga alitoa mfukoni karatasi ya dawa ya kisukari ambayo faili lake halikuwa nayo kabisa. Mwanafunzi wa famasi aliisoma kwa sauti, tabibu akaandika, muuguzi akaenda kumpima sukari palepale. Haikuchukua dakika nne. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na nikajizuia nisiingie.

Si kila kitu kimekwenda. Nusu siku ya maabara niliipata kwa wanafunzi 12 tu, ratiba za vyuo zinagongana na kila chuo kina mtihani wake na tarehe zake. Mkufunzi mwenzangu mmoja aliwaondoa watoto wake wiki ya tatu, akasema hili halipo kwenye mtaala na halina maksi. Ana haki ya kusema hivyo, halina maksi kweli. Nimeandika barua juu ya hilo na nitaandika nyingine. Na mimi mwenyewe nilikosea: wiki ya pili nilimsahihisha tabibu mwanafunzi mbele ya mgonjwa kwa sauti ya juu, nikaona yule binti wa uuguzi kando yake anainama. Ile hofu anayoisema kaka wa Korogwe, niliipanda mwenyewe kwa dakika moja. Nilimwomba radhi Jumatano iliyofuata, mbele ya wote.

Zoezi la damu tulilifanya mara tatu. Mara ya kwanza kijana wa utabibu mrefu kuliko wote ndiye aliyelala kuwa mama. Kadirio la juu kabisa darasani lilikuwa mililita 400. Mizani ikasema 850. Ukumbi ukanyamaza. Tulipomaliza nikamuuliza kijana alichosikia akiwa amelala. Akasema, "Nilisikia kila mtu anaongea, hakuna aliyenisemesha mimi. Nilitaka tu mtu aniambie kinachoendelea." Mara ya pili wakaweka mtu wa kumshika mama mkono na kumweleza, wazo lao wenyewe. Tena ni kijana wa maabara aliyejitolea, yuleyule wa dirishani.

Nimweleze kidogo huyu, bibi unisamehe hilo neno. Juzi Jumatatu, saa tano na nusu, niko wodi ya watoto. Kwa kawaida majibu yanawekwa kwenye trei, muuguzi anayafuata akipata nafasi. Mlango ukafunguliwa, kijana kaingia na koti la maabara, anahema, kapanda ngazi mbio. Akaangaza macho wodini akamwona yule binti wa vichupa vya zambarau. Akamwita kwa jina lake. Kisha akasema, na namnukuu: "Mtoto wa kitanda cha 7. Wingi wa damu 4.1, nimerudia kupima mara mbili. Nahofia hatafika jioni. Naomba mumwite daktari, na mimi natayarisha damu ya kumwekea, nipe sampuli ya kundi."

Binti akarudia: "Kitanda cha 7, 4.1, umerudia mara mbili, sampuli nakupa." Akachoma, akageuza kile kichupa mkononi, mimi nikihesabu kimoyomoyo, mara kumi. Akamkabidhi kijana mkononi mwake, halafu akageuka kwa tabibu wa zamu, mtu mzima, ambaye alikuwa ameketi anaandika. Hakuanza na samahani. Alisema namba. Tabibu akanyanyuka kabla sentensi haijaisha.

Mtoto aliwekewa damu saa saba na dakika kumi. Leo asubuhi nimemkuta amekaa kitandani anamenya chungwa.

Bibi wa Pangani, kanga zako nimezifua. Mizani nimeiazima kwa muuza samaki wa Dipsi, anaitaka Ijumaa. Kundi jipya la fildi linaingia mwezi ujao, wapo 51, na safari hii nina wanafunzi 3 wa mazoezi ya viungo. Kama kuna mtaalamu wa viungo humu ndani, naomba aniambie: kwenye zoezi la kanga nimpe kazi gani ambayo ni yake kweli?